Sindano Moja kwa Miezi Mitatu: Polima Zinazovunjika Mwilini na Tiba ya Saratani ya Tezi Dume

Mwanamume anapoambiwa kwamba saratani ya tezi dume imekwisha kuenea hadi mifupani, uamuzi mmoja mzito huwekwa mbele yake na mbele ya familia yake. Saratani hiyo hustawi kwa nguvu ya testosteroni, homoni ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa katika korodani. Njia ya kwanza ya kuikatia chakula ni upasuaji wa kuziondoa korodani: hufanyika mara moja, gharama yake si kubwa, na matokeo yake ni ya kudumu. Njia ya pili ni sindano inayochomwa kila mwezi, kila baada ya miezi mitatu, au hata miezi sita, nayo huzinyamazisha korodani bila kuzigusa kwa kisu. Katika kuudhibiti ugonjwa, njia hizi mbili hulingana. Hutofautiana katika gharama, katika namna mzee anavyojiona mwilini mwake, na katika kalenda: anayechagua sindano hufungamana na tarehe ya kurudi kliniki kwa muda mrefu, pengine kwa maisha yake yote.

Ndani ya uchaguzi huo limo swali ambalo ni haki ya mgonjwa kujibiwa. Dawa iliyochomwa leo yawezaje kuendelea kufanya kazi siku ya tisini? Sindano nyingi zijulikanazo na watu ni za nguvu ya haraka na ya muda mfupi. Hii hufanya kinyume chake, na siri yake haimo katika dawa yenyewe, bali katika kitu kilichoibeba: polima inayovunjika polepole ndani ya mwili mpaka isibaki hata chembe.

Kwa nini kidonge hakikutosha

Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kuondolewa kwa korodani huwapa nafuu wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyoenea, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ilijulikana pia kwamba korodani zenyewe hupokea amri kutoka juu. Sehemu ndogo ya ubongo hutoa homoni iitwayo GnRH, homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, na tezi hiyo ndiyo huziamuru korodani kutengeneza testosteroni. Andrew Schally na Roger Guillemin, waliochunguza homoni za ubongo za aina hii, walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Wanakemia wakatengeneza dawa zinazofanana na homoni hiyo ya ubongo, lakini zenye nguvu zaidi. Mojawapo ni leuprorelini, mnyororo mfupi wa asidi amino tisa. Tatizo likajitokeza mara moja. Mnyororo wa namna hiyo ukimezwa, tumbo huumeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage. Ukichomwa kwa sindano, nusu yake hutoweka katika damu kwa muda wa saa tatu hivi. Dawa hiyo iliporuhusiwa Marekani mwaka 1985, mgonjwa alilazimika kuchomwa miligramu 1 chini ya ngozi kila siku. Kwa mwaka mmoja, hizo ni sindano 365.

Hata hivyo, usumbufu wa sindano ulikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilitokana na maajabu ya maumbile. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa nyani aina ya rhesus. Homoni ya ubongo ilipotolewa kwa vipindi, kama mapigo ya ngoma, tezi ya pituitari iliitikia na kufanya kazi. Ilipotolewa mfululizo bila kukatika, tezi hiyo ilichoka kusikiliza, ikanyamaza. Kwa hiyo utoaji wa dawa mfululizo si starehe iliyoongezwa juu ya tiba. Ndio tiba yenyewe. Dawa ileile ikija na kupotea huweza kuamsha, na ikikaa bila kukatika huzima.

Kutoka uzi wa kushonea hadi chombo cha dawa

Chombo cha kuibeba dawa hiyo hakikuvumbuliwa kwa ajili ya saratani. Kilitoka katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1966 watafiti wa jeshi la Marekani walieleza matumizi ya polima ya asidi ya laktiki katika upasuaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyuzi za kushonea majeraha zilizotengenezwa kwa asidi ya glikoliki, na baadaye kwa mchanganyiko wa asidi hizo mbili, zikaingia hospitalini. Daktari wa upasuaji anayeshona tabaka za ndani kwa Vicryl na kumwambia mgonjwa kwamba hakuna haja ya kurudi kutolewa nyuzi hutegemea kemia hiyohiyo.

Polima ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo vilivyoshikana, mfano wa shanga katika uzi. Viungo vya polima hii, ambayo wanasayansi huiita kwa kifupi PLGA, si vigeni. Asidi ya laktiki ndiyo inayoutia mtindi uchachu wake, na misuli ya mkimbiaji huitengeneza kila siku. Asidi ya glikoliki imo katika juisi ya miwa. Maji ya mwilini hupenya ndani ya polima na kukata maungio ya mnyororo, kimoja baada ya kingine. Vipande vinavyobaki huingia katika njia za kawaida za kujenga na kuvunja chakula mwilini, na mwisho wake ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotolewa kwa pumzi, pamoja na maji.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba njia hii ingefaa kwa dawa zenye molekuli ndogo tu. Mwaka 1976 Robert Langer na Judah Folkman walionyesha katika jarida la Nature kwamba hata molekuli kubwa kama protini zaweza kutolewa polepole kutoka katika polima. Polima walizozitumia hazikuwa za kuvunjika, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Ilibaki kazi ya kuifunga leuprorelini ndani ya PLGA. Dawa hiyo hupenda maji, ilhali polima huyakataa. Kila ilipojaribiwa kufungwa, ilikimbilia majini na kupotea wakati wa utengenezaji. Watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani, akiwamo Hiroaki Okada, walitatua tatizo kwa kuifanya dawa iwe nzito kwa jelatini, kisha kuitawanya kama matone madogo ndani ya myeyusho wa polima, na myeyusho huo nao kuutawanya tena ndani ya maji. Kiyeyusho kilipokauka, vilibaki vitufe vidogo mno, vyenye upana wa mikromita makumi tu, takriban unene wa unywele, ambavyo huelea katika maji na kupita ndani ya sindano. Lupron Depot iliruhusiwa Marekani mwaka 1989.

Hesabu yake yafaa kutazamwa kwa makini. Mgonjwa wa sindano ya kila siku alitumia miligramu 30 za dawa kwa mwezi. Sindano ya mwezi mzima, kwa kipimo cha Marekani, ina miligramu 7.5 tu. Robo ya dawa, ikitoka haba na haba bila kukatika, ilifanya kazi ya kiasi kizima kilichokuwa kikimwagwa mara moja kila siku na kupotea.

Saa iliyofichwa ndani ya kitufe

Utoaji wa dawa hupita katika hatua. Siku ya kwanza, dawa iliyo karibu na uso wa vitufe hutoka kwa kishindo. Baadaye dawa husafiri polepole kupitia vinyweleo vilivyojaa maji. Mwishowe, minyororo ikishakatwa vya kutosha, kitufe chenyewe hubomoka na kuachilia kilichobaki. Ufundi wa mtengenezaji ni kuzipanga hatua hizo zifuatane pasiwe na pengo, kwa sababu siku chache za pengo zaweza kuiamsha tezi iliyolazwa.

Muda wa saa hiyo hupangwa kwa uwiano wa asidi mbili. Kiungo cha asidi ya laktiki hubeba kipande kidogo kinachoyakataa maji, mithili ya mafuta. Kadiri asidi ya laktiki inavyozidi, ndivyo maji yanavyopenya kwa shida na polima inavyodumu. Mfano ulio wazi ni dawa ya Eligard, ambayo nayo hubeba leuprorelini. Sindano yake ya mwezi mmoja hutumia polima ya nusu kwa nusu. Zile za miezi mitatu na minne zina sehemu 75 za asidi ya laktiki kwa 25 za asidi ya glikoliki. Ile ya miezi sita, yenye miligramu 45 za dawa, ina 85 kwa 15. Urefu wa minyororo nao huongeza au kupunguza muda.

Eligard haina vitufe. Msingi wake ulibuniwa katika miaka ya 1980 na Richard Dunn na wenzake katika taasisi ya utafiti iliyoko Birmingham, jimbo la Alabama. Polima huyeyushwa katika kiyeyusho kinachokubaliana na maji, na hivyo huwa kioevu kizito. Kikichomwa chini ya ngozi, kiyeyusho huondoka kwenda katika tishu, maji huingia mahali pake, na polima huganda papo hapo kuwa donge dogo lililoikumbatia dawa. Mgonjwa aweza kulihisi donge hilo kwa kidole, nalo hupungua wiki baada ya wiki. Kwa sababu hiyo hushauriwa asilisugue, na sindano huchomwa mbali na mahali mkanda wa suruali unapobana.

Njia ya tatu ni ya goserelini, iitwayo Zoladex, ambayo si kioevu wala vitufe. Ni kijiti chembamba cha polima na dawa, kinachosukumwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano pana, nacho huisha chenyewe.

Si kila sindano ya muda mrefu ni polima

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Hiyo hudumu kwa njia nyingine: dawa yake imo katika hali ya fuwele ndogo zisizoyeyuka upesi, na hakuna polima. Vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi vina polima, lakini isiyovunjika, na ndiyo maana ni lazima mhudumu avitoe muda wake ukiisha. Polima zinazovunjika huondoa haja ya kutoa, lakini kwa bei yake: kijiti cha mkononi chaweza kuondolewa siku yoyote madhara yakizidi, ilhali vitufe vilivyokwisha kutawanyika ndani ya msuli haviwezi kurudishwa. Uamuzi wa kuchoma ni uamuzi wa mwezi au miezi.

Kemia hiyohiyo imetumika kwa maradhi mengine. Risperidoni katika vitufe vya PLGA iliruhusiwa Marekani mwaka 2003 kwa wagonjwa wa skizofrenia. Vitufe vyake huchelewa kuanza, na kwa wiki tatu za mwanzo mgonjwa huendelea kumeza vidonge. Asiyeelezwa jambo hilo huachwa bila kinga katika siku za hatari. Mwaka 2017 iliruhusiwa Sublocade, ambayo huganda chini ya ngozi na kutoa buprenofini kwa mwezi mzima kwa watu wanaotibiwa uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Umuhimu wake unaeleweka na kila anayezifahamu kliniki za methadoni, kama ile iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2011, ambako mgonjwa hufika siku hadi siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Lakini sifa ya kuganda hugeuka hatari dawa hiyo ikichomwa ndani ya mshipa wa damu, kwani donge laweza kuuziba. Kwa sababu hiyo, kule Marekani haitolewi mkononi mwa mgonjwa.

Pako pia mahali ambapo polima hii imeshindwa. Inapovunjika, asidi hujikusanya katikati ya kitufe, na protini nyororo huharibika humo. Homoni ya ukuaji katika vitufe iliruhusiwa Marekani mwaka 1999, ikaondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kuwa utengenezaji wake ulihitaji rasilimali nyingi mno. Ndoto ya chanjo ya pepopunda ya sindano moja, iliyoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, nayo haikufika kliniki za mama na mtoto, kwa sababu chanjo iliharibika ndani ya vitufe. Utafiti haujakoma. Mwaka 2017 kundi la Langer na Ana Jaklenec lilieleza vikasha vidogo vya PLGA vyenye vifuniko, ambavyo hubaki vimefungwa kwa siku au wiki zilizopangwa, kisha hutoa vilivyomo kwa mkupuo mmoja. Mtoto anayeishi mbali na zahanati angeweza kupata kwa safari moja dozi ambazo leo huhitaji safari tatu.

Mambo ambayo sindano haiyafanyi peke yake

Teknolojia hii huonekana kana kwamba imemaliza kazi yote ndani ya bomba la sindano. Sivyo. Usalama wake hutegemea watu kadhaa wanaofuatana: mtunza stoo, mfamasia, muuguzi, daktari, na mgonjwa na familia yake.

Kwanza ni hifadhi. Maji ndiyo yanayoivunja polima mwilini, na unyevunyevu wa hewa huweza kuianza kazi hiyo kabla ya wakati. Joto kali nalo huilainisha, na vitufe hushikamana. Ndiyo sababu dawa hizi hufungwa kwa uangalifu, na kila moja ina masharti yake. Zoladex hutunzwa katika joto lisilozidi nyuzi 25, wakati Eligard hutunzwa katika jokofu. Chumba cha dawa chenye paa la bati kisicho na kipimajoto si mahali pa kuweka dawa ya miezi mitatu.

Pili ni uchanganyaji. Aina kadhaa huchanganywa muda mfupi kabla ya kuchomwa, kwa hatua zinazopaswa kufuatwa bila kuruka hata moja. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia taarifa za makosa ya utayarishaji wa dawa za leuprorelini za muda mrefu, likahitimisha kwamba makosa hayo yamesababisha baadhi ya wagonjwa kupata dawa pungufu, na likaagiza zitayarishwe na wahudumu waliozoea hatua hizo tu. Kosa la dakika tano kliniki laweza kuwa pengo la miezi mitatu katika tiba.

Tatu ni wiki za mwanzo. Kabla ya kunyamaza, tezi ya pituitari hushtuka, na testosteroni hupanda kwa muda mfupi. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeingia katika uti wa mgongo au inabana njia ya mkojo, mpando huo ni hatari. Kwa hiyo daktari huweza kumwanzishia vidonge vya kuizuia testosteroni, kama vile bikalutamaidi, kabla ya sindano ya kwanza. Mgonjwa na familia yake wanapaswa kuambiwa wazi: maumivu mapya ya mgongo, miguu kulegea, au mkojo kukwama si mambo ya kusubiri tarehe ya kliniki. Ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Nne ni tarehe. Dawa ya miezi mitatu haiachi akiba. Ikicheleweshwa, homoni huanza kurudi na saratani hupata chakula chake. Tarehe ya sindano ijayo iandikwe mahali ambapo wa nyumbani wote wanaiona. Vipimo vya damu vya PSA na testosteroni huonyesha kama tiba inashika.

Tano ni madhara ya kukosa testosteroni kwenyewe, yawe yametokana na kisu au na sindano: joto la ghafla mwilini, uchovu, kupungua kwa nguvu za kiume, kudhoofika kwa mifupa na kuongezeka kwa uwezekano wa kisukari. Haya yazungumzwe na mzee, na pale anaporidhia, na mkewe pia, kabla ya kuanza tiba.

Bei na uamuzi

Vitufe hivi haviwezi kuchemshwa ili kuuliwa vijidudu, kwani joto huviharibu. Hatua nyingi za utengenezaji hufanyika katika vyumba visivyo na kijidudu, na tofauti ndogo katika ukubwa wa kitufe au urefu wa mnyororo hubadilisha saa ya dawa. Ndiyo maana kumalizika kwa hataza hakukuleta upesi nakala za bei nafuu, kama ilivyotokea kwa vidonge vingi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza leuprorelini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Hatua hiyo huzipa serikali hoja ya kuinunua, lakini hailipi bei yake.

Kwa hiyo, kabla ya sindano ya kwanza, swali la fedha halipaswi kuonewa haya. Je, bima inagharimia sindano zote, au ya kwanza tu? Dawa ikikosekana hospitalini, itapatikana wapi, na kwa kiasi gani? Familia inayouza mazao au mbuzi ili kulipia sindano moja, kisha ikakosa ya pili, humwacha mzee katika hali mbaya kuliko kama angechagua upasuaji tangu mwanzo. Na mzee mwenye uhakika wa dawa, anayeuogopa upasuaji kuliko anavyouogopa ugonjwa, ana haki ya kupewa njia itakayomwezesha kubaki katika tiba.

Polima imekubali kufanya kazi ya kuhesabu siku mwilini. Siku ya tisini itakapowadia, donge au vitufe vitakuwa vimekwisha kazi yake, na hesabu itarudi kwa watu: kwa mzee aliyeikumbuka tarehe, kwa mwana aliyemsindikiza, kwa muuguzi aliyeitayarisha dawa kwa uangalifu, na kwa stoo ambayo haikuishiwa.